Mdogo wangu alikaa wiki tatu bila unga, akarudi nusura afe. Tumfungie tena?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Ujiji, Kigoma. Nina miaka 34. Nanunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi, nawaanika, nawauzia wafanyabiashara wanaowapeleka Kahama na Dar. Mume wangu yuko migodini, hivyo mimi na wanangu wawili tunaishi kwa mama pamoja na mdogo wangu wa kiume wa miaka 27. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi mpaka nikaamua kukuandikia.

Aliondoka hapa akiwa na miaka 19 kwenda kubeba mizigo Kariakoo. Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri, kila mwisho wa mwezi hela ya mama inaingia. Halafu ikawa mara moja moja, halafu simu ikawa haipatikani kabisa. Mwaka juzi akashuka stesheni ya Kigoma na kibegi cha mgongoni, amekonda mpaka mama alimpita pembeni bila kumtambua. Tulidhani ni kifua kikuu. Vijana wa mtaani ndio walionitoa ushamba: "Dada, huyu anakula unga."

Tangu hapo nyumba yetu haikai kitu. Imekwenda betri ya sola, imekwenda simu yangu, vimekwenda vitenge vya mama. Alichukua hadi betri ya taa za kuvulia ya jirani, ambayo mpaka leo tunailipa kidogo kidogo. Anavaa shati la mikono mirefu hata jua la Septemba likiwaka. Mwezi wa nne mwanangu wa miaka sita alitoka chooni ameshika sindano.

Mjomba, kaka yake mama, ni mtu wa vitendo. Alikuja akamchukua kwa nguvu akampeleka shambani kwake Uvinza, akamfungia kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi. Siku nne za kwanza alitapika, akaharisha, usiku anapiga kelele akimwomba mjomba amuue tu. Baada ya hapo akatulia. Wiki tatu nzima alikaa bila kitu. Alirudi mashavu yamejaa, anakula ugali na migebuka, anaswali sala tano. Tulichinja kuku.

Siku ya tano baada ya magharibi jirani akapiga yowe. Tulimkuta nyuma ya nyumba amelala chali, anakoroma vibaya, midomo imekuwa ya buluu. Watu wakammwagia maji, mwingine akakimbia kuleta maziwa wamnyweshe. Kijana wa bodaboda akambeba mpaka hospitali, na Mwenyezi Mungu akamrudisha. Daktari alituuliza amekula nini. Kwa aibu tukasema ana degedege.

Sasa kila mtu ana lake. Mjomba anasema wiki tatu zilikuwa chache, safari hii ni miezi mitatu na kufuli. Mama anasema katupiwa kitu huko Dar na waliomwonea kijicho, na ameshapata habari za mganga. Huku akisema hivyo, kila asubuhi anampa elfu tano "asije akaiba." Mimi nimefikia kuwaza polisi wamchukue tu tupumzike. Mama mdogo wetu anayeishi Mwanza ndiye pekee ambaye akimpigia simu anamsikiliza, lakini yuko mbali.

Naomba uniambie ukweli. Huu ni ugonjwa au ni tabia? Maana kama aliweza wiki tatu, si ina maana anafanya makusudi?

Dada mtu, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na hongereni kwa kumwahisha hospitali. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloweza kukuondolea ndugu wiki hii hii.

Mdogo wako hakuanguka siku ile kwa kuwa alizidisha kuliko kawaida yake. Inawezekana kabisa alitumia kiasi kilekile cha kabla ya Uvinza, au hata pungufu. Mtu anayetumia heroini, ndiyo huo unga, kila siku, mwili wake huizoea, na kiasi ambacho kingetuua mimi na wewe yeye anatembea nacho barabarani. Akiacha, mazoea hayo huanza kupotea ndani ya siku chache. Baada ya wiki tatu mwili umekuwa mgeni wa unga, lakini kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Anajidunga kipimo hicho, na heroini inakwenda kuilaza ile sehemu ya ubongo inayoyaamuru mapafu yavute pumzi. Pumzi zinapungua, zinakuwa za kukoroma, midomo inabadilika rangi, kisha zinakatika. Ndiyo sababu hatari ya kufa hupanda sana katika wiki za kwanza baada ya mraibu kutoka gerezani, au kutoka popote alipokaa bila kutumia. Miezi mitatu ya mjomba, ikiishia pale kufuli linapofunguliwa, itamrudisha Ujiji akiwa mwepesi wa kufa kuliko alivyo leo.

Likitokea tena, msimmwagie maji wala msimpe maziwa. Mtu asiyejitambua hawezi kumeza. Maziwa yataingia kwenye mapafu, na mtakuwa mmemzamisha nchi kavu. Mwite kwa sauti, mfikiche kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua. Asipoamka, mlazeni ubavu, mguu wa juu ukunjwe ili asijiviringishe kifudifudi, kidevu kiinuliwe njia ya hewa iwe wazi. Kama hapumui kabisa, au anavuta pumzi moja baada ya muda mrefu, mlazeni chali, mbaneni pua, mpulizieni hewa mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi, huku mwingine anatafuta usafiri. Asiachwe peke yake "alale ziishe." Hizo ndizo pumzi za kukoroma zinazodhaniwa ni usingizi mzito, na mtu hukutwa amekufa asubuhi.

Mkifika hospitali, semeni unga. Degedege kwa mtu wa miaka 27, jamani! Ipo dawa inaitwa naloksoni, inaifukuza heroini kwenye ubongo na pumzi hurudi ndani ya dakika chache. Lakini daktari lazima ajue anapambana na nini. Naloksoni huisha nguvu mapema kuliko heroini, kwa hiyo hata akiinuka na kudai yuko sawa, akae hapo chini ya uangalizi saa kadhaa.

Sasa swali lako la aliweza wiki tatu. Linaulizwa katika kila nyumba yenye mraibu, na naelewa kwa nini linauma, kwa sababu linafanya kila wizi uonekane ni dharau.

Pale Uvinza yalikuwepo mambo mawili ambayo sisi tunayaita jina moja. La kwanza ni arosto. Ubongo una vitu vyake vyenyewe vya kutuliza maumivu na kumpa mtu raha ya kawaida, raha ya kushiba, ya kukumbatiwa, ya kumaliza kazi. Heroini inakalia nafasi ya vitu hivyo kwa nguvu kubwa zaidi, na ubongo nao unajipanga upya kuishi nayo. Ikiondolewa ghafla, kila kilichokuwa kimetulizwa kinaamka kwa pamoja: mafua, miayo, malaika kusimama, tumbo, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kutoweka. Huanza ndani ya saa chache baada ya kete ya mwisho ya unga, hufikia kilele siku ya pili na ya tatu, na kwa watu wengi hutulia ndani ya wiki moja au siku kumi. Hilo mdogo wako alilivuka, na kulivuka kwenye stoo ya mahindi bila hata panadoli ni ushupavu ambao familia haijampa sifa yake.

La pili ni uraibu wenyewe, nao haumo kwenye matapishi. Umo kwenye kumbukumbu na mazoea. Kwa miezi mingi baada ya arosto kuisha, ubongo bado haujarudisha raha zake za kawaida. Mtu anakula, anaswali, anacheka, lakini ndani kila kitu kimepauka. Katika hali hiyo anakutana na kilichokuwa kikitangulia unga: kijiwe kilekile, rafiki yuleyule, saa ileile ya jioni, noti mkononi. Waulize walioacha, watakuambia kuna siku tumbo lilisokota na jasho likatoka kwa kumwona tu aliyekuwa akiwauzia. Kule Uvinza hakuna pusha wala kijiwe, na wiki tatu zilikuwa rahisi kuliko siku tano za Ujiji. Kwa hiyo hakufanya makusudi, ingawa mkono ulioshika sindano ni wake, na nitakuwa mwongo nikisema hana sehemu yake katika hili. Anayo. Sehemu yake ni kukubali tiba na kushikamana nayo, na ninyi sehemu yenu ni kuifanya tiba hiyo iwe karibu kuliko kete.

Tiba yenyewe ipo, na inanishangaza jinsi isivyojulikana nje ya miji mikubwa. Inaitwa methadoni. Hapa nchini ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikaenea hospitali nyingine za Dar es Salaam, kisha mikoani. Kwa upande wenu wa nchi kuna kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, Mwanza, na kituo cha Itega, Dodoma. Huduma inaendelea kupanuliwa, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi piga 119, namba isiyolipiwa ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize iliyo karibu zaidi na Kigoma na siku wanazopokea wagonjwa wapya. Kwenye kliniki za serikali dawa hii haiuzwi.

Ni dawa ya maji. Mgonjwa anafika kliniki kila siku, anainywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Inafanya kazi polepole na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo arosto haimshiki na ile hamu inapoa, lakini haimpandishi na kumwangusha kama unga. Huanza na kipimo kidogo kinachoongezwa kwa uangalifu. Mwambieni mapema kwamba wiki za mwanzo anaweza kuhisi haimtoshi. Akiongezea unga juu yake, au pombe, au vidonge vya valiamu, anaweza kukata pumzi vilevile. Kipimo kikishakaa sawa, utamwona mtu anaamka, anaoga, anatafuta kibarua. Hapo hapo kliniki watampima virusi vya ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, na kwa mtu anayejidunga vipimo hivyo havikwepeki. Kama anameza dawa zozote, hasa za TB, zitajwe. Rifampisini huipunguza nguvu methadoni, na daktari lazima apange kipimo kwa kulijua hilo.

Mjomba atakuuliza: si mnamtoa dawa ya kulevya moja mnampa nyingine? Mjibu kwa adabu. Anayekunywa kidonge cha presha kila asubuhi hatumwiti teja wa vidonge. Tunaona presha imeshuka, mtu yuko kazini, tunamwacha aendelee. Wapo wanaokunywa methadoni mwaka, wapo wanaokunywa miaka, na kuiacha kunapangwa na daktari kwa kushusha kipimo taratibu. Anayeikatisha kwa sababu "amepona" anarudi kwenye hatari ileile ya nyuma ya nyumba.

Ugumu wenu ni huo wa kila siku. Methadoni haibebwi kwenye dumu ukaja nayo Ujiji. Lazima mgonjwa aishi karibu na kliniki, na hapo ndipo yule mama mdogo wa Mwanza anapokuwa mtu muhimu kuliko mjomba, kuliko mganga, kuliko mimi. Uliandika kwamba yuko mbali. Mimi naona yuko mahali panapotakiwa. Mpigie leo, umweleze yote, sindano na wizi visifichwe, maana akivigundua mwenyewe atamfukuza wiki ya pili. Muulize kama anaweza kumpa pa kulala na kwenda naye kliniki siku za mwanzo. Mgonjwa anayefika na ndugu anapokewa vizuri zaidi, na wahudumu wanapata mtu wa kuzungumza naye. Ninyi mliobaki Kigoma changeni chakula chake na nauli yake ya daladala. Ile hela iliyokuwa inakwenda kwenye kete itatosha, na chenji itabaki.

Safari nayo ina mtego. Basi la kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi ni la siku nzima, na arosto haisubiri mfike. Nimesikia familia zilizompakia mtu basini kwa furaha, akashuka kituo cha katikati akapotelea hapo. Kwa hiyo kabla ya safari mpelekeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma, muulizie mhudumu wa afya ya akili, mseme yote. Wanaweza kumpa dawa za kupunguza kutapika, kuharisha na maumivu, na kumwandikia barua ya rufaa. Pale Maweni aulizwe pia kama anakunywa gongo kila siku au anameza valiamu. Arosto ya unga kwa kawaida haiui mtu mwenye maji mwilini, lakini kukatisha ghafla pombe au valiamu baada ya kuzoea kunaweza kuleta kifafa na kuua, na mtu wa hivyo hafungiwi stoo wala hasafirishwi bila daktari kujua. Msafiri watu wawili pamoja naye, maji na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) mkononi. Na hata akilia vipi, msimbebee kete ya njiani. Mkikaguliwa, sheria haitauliza nani ni mgonjwa na nani ni dada.

Mnamwambiaje? Akiwa kwenye arosto hasikii kitu zaidi ya mifupa yake. Akiwa amelewa anasinzia. Kuna saa katikati, ametulia na macho yako wazi. Wewe unayeishi naye unaijua. Saa hiyo kaa naye, bila kikao cha ukoo, bila orodha ya vitu alivyoiba. Mwambie, "Nilikuona umekata pumzi. Kuna dawa Mwanza ambayo utakunywa na arosto haitakushika. Mama mdogo amekubali. Siku utakayosema ndiyo, tunaondoka kesho yake." Wengi hawajui kwamba kuna kuacha kusikofanana na ile stoo, na hofu ya arosto ndiyo inayowafanya waseme hapana. Anaweza kukataa mara ya kwanza, na ya pili. Usigombane, lirudie baada ya siku chache, au mama mdogo amwambie kwa simu. Usingoje "mpaka dunia imfunze," maana kwa watumiaji wa unga dunia inafunza kwa kuua. Jambo la msingi ni kwamba siku anaposema ndiyo, nauli iwe ipo tayari. Ndiyo ya mraibu hudumu saa chache, kisha arosto inaifuta. Nauli hiyo aitunze mama mdogo huko Mwanza, aitume kwa simu siku hiyo. Mama yenu asiishike.

Na hapa tumefika kwa mama na elfu tano zake. Simlaumu. Anainunua amani ya siku moja, na anaogopa mwanawe atapigwa na watu kwa wizi, hofu ambayo si ya kijinga mtaani kwetu. Lakini noti ikishaingia mkononi mwa mdogo wako, safari ya kwenda kwa pusha imeshaanza kichwani mwake kabla hajavuka kizingiti. Mama asiambiwe "acha kumpa," atampa kwa siri. Apewe la kufanya badala yake. Elfu tano iwe chakula kilichopikwa, sabuni, nauli ya Maweni anayoilipa yeye mwenyewe kwa dereva, dawa anayoinunua yeye mwenyewe dukani. Mwana alishwe, alale ndani, aitwe jina lake alilopewa wala si teja, ila hela taslimu hapana. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, atatukana na atajaribu kuiba zaidi, kwa hiyo vitu vya thamani vipelekeni kwa ndugu mapema. Na lianzeni hilo mkiwa tayari mna jibu la Mwanza, ili mnapomnyima hela muwe na kitu kingine cha kumpa.

Kuhusu kutupiwa kitu, sitabishana na mama yako. Kisomo na dua havizuii methadoni, na sheikh wa msikitini mwenu mkimweleza vizuri anaweza kuwa mtu wa kumtuliza mama na kumtembelea kijana. Ninachokikataa ni mganga atakayemfunga kamba au kumweka ndani majuma kadhaa kwa mafusho na maji. Atakayetoka humo atakuwa na mwili uleule mgeni wa unga niliokueleza.

Mjomba ameonyesha kwamba anaweza kuacha shughuli zake kwa ajili ya mpwa wake, na watu wa namna hiyo si wengi. Mpe kazi inayofanana na nguvu zake: awe mmoja wa wawili wa safari ya Mwanza. Baadaye, kijana akishatulia kwenye dawa, mjomba ndiye wa kumtafutia shughuli, kwa sababu mtu aliyeacha unga halafu anakaa kutwa barazani bila kazi ana saa nyingi mno za kukumbuka.

Mtasikia pia habari za nyumba za upataji nafuu, ambako mraibu anaishi miezi kadhaa pamoja na wenzake wanaoacha. Ziko zilizosaidia watu wengi, hasa wa bangi na pombe ambao methadoni haiwahusu, kwa kuwa hiyo ni ya heroini na jamaa zake tu. Ila nyingi ni za kulipia na hazifanani. Mkiifikiria moja, iulizieni kwa Mamlaka hiyohiyo kwenye 119. Muulize kama kuna mhudumu wa afya, kama ndugu wanaruhusiwa kumwona, na kama wanafunga watu minyororo au kuwachapa. Jibu likiwa "tunawanyoosha kidogo," ondokeni. Muulize pia nini kinafuata siku ya kutoka. Nyumba isiyo na jibu la swali hilo haina tofauti na stoo ya mjomba.

Polisi? Ukiibiwa una haki ya kuripoti, na ndugu kuwa mgonjwa hakumfanyi jirani asilipwe betri yake. Lakini usimpeleke kwa matumaini kwamba jela itamponya. Atapita arosto sakafuni, atakaa miezi, atatoka mwili ukiwa umesahau na kichwa kikikumbuka.

Wewe mwenyewe unauza dagaa, unalea, unalipa betri, na usiku unasikiliza pumzi za mtu mzima. Tafuta hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli bila kusema degedege. Utashangaa ni nyumba ngapi za mtaa huo zina degedege kama lako.

Limebaki la mtoto na sindano, nalo halisubiri safari. Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba alijichoma siku ile, mpeleke apimwe. Likitokea tena, mwahishe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 na mapema ndiyo bora. Wafundishe wanao wasiguse, waite mtu mzima. Mdogo wako naye umwambie waziwazi, bila matusi, kwamba maadamu bado anajidunga asishirikiane sindano na mtu yeyote, na kila aliyoitumia aitie mwenyewe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, isiyofikiwa na watoto. Ikijaa, ipeleke kituo cha afya wakaiteketeze. Isitupwe chooni wala jalalani.